Marudio ya hipokampasi: ni mpango wa safari, au ni daftari la safari zilizopita?

#1 Mwanakiwimbi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna kauli inayosambaa kama sheria: panya akisimama njia panda na hipokampasi yake (sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu) ikarudia njia fulani kwa kasi, basi anapanga aende wapi. Mimi nasema ushahidi haujafika hapo. Marudio ni kazi ya kutunza kumbukumbu. Kupanga kunafanyika kwingine.

Msingi, kwa wasiofuatilia. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, London, walieleza seli za mahali: seli za hipokampasi ambazo kila moja huwaka panya akiwa sehemu yake tu. Seli A mlangoni, B katikati ya njia, C kwenye chakula. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton ndio wa kwanza kuonesha kwamba seli zilizowaka kwenye safari huwaka tena panya akilala. Lee na Wilson, 2002, wakaonesha mpangilio mzima A-B-C ukijirudia katika usingizi mzito, umebanwa takriban mara 20. Foster na Wilson, 2006, wakakuta jambo ambalo halikutarajiwa: panya yuko macho, amefika mwisho wa njia, amesimama, na mpangilio unakuja C-B-A, kinyumenyume.

Hoja yangu inasimama kwenye kazi ya Gillespie na wenzake, 2021, maabara ya Loren Frank. Panya ana njia 8 mbele yake, moja inalipa, na baada ya muda inayolipa hubadilishwa bila taarifa. Ukisoma marudio yake kabla hajachagua, hayakuambii anaelekea wapi. Yanaonesha zaidi mahali palipowahi kulipa na mahali ambapo hajapita karibuni. Huo ni mpango wa namna gani?

Karibuni.

#2 Mgahawani

Naweka kambi hapa. Swali dogo la mtu wa pembeni: haya "marudio" ni kama marudio ya goli kwenye TV?

#3 Bint_Pangani

Mgahawani, mfano wako ni mzuri, ila unavunjika sehemu tatu, na sehemu hizo tatu ndizo zinazoleta ugomvi wote.

Marudio ya goli huja polepole. Ya hipokampasi huja kwa kasi kuliko tukio lenyewe. Davidson, Kloosterman na Wilson (2009) walimkimbiza panya kwenye njia ya takriban mita 10. Ndani ya ubongo wake njia hiyo ilipitiwa kwa kasi ya karibu mita 8 kwa sekunde, kasi inayoizidi kwa mbali ile ya panya mwenyewe akikimbia.

Pili, yanaweza kuchezwa kutoka wavuni kurudi mguuni. Hilo Mwanakiwimbi amelieleza.

Tatu, yanaweza kuonesha goli ambalo halikufungwa. Gupta na wenzake (2010) walikuta marudio yanayounganisha vipande viwili vya njia ambavyo panya hakuwahi kuvipita kwa mfululizo mmoja. Kamera haiwezi kufanya hivyo. Daftari pia haliwezi, kwa hiyo mwenye uzi ana deni hapo.

#4 Tetrodi_Kongwe

Masahihisho mawili kwa #1 kabla uzi haujakimbia.

Mwaka 1994 si mwanzo. Pavlides na Winson walishaonesha mwaka 1989 kwamba seli iliyowaka sana panya akiwa macho huongeza mipigo yake ya umeme akilala. Walichoongeza Wilson na McNaughton ni uhusiano wa jozi: seli mbili zenye sehemu zinazopishana huendelea kuwaka pamoja. Na suala la utaratibu, nani atangulie nani, Skaggs na McNaughton waliligusa mwaka 1996, miaka 6 kabla ya Lee na Wilson.

Tofauti hii si ya kupamba historia. "Seli ziliwaka pamoja" na "seli ziliwaka kwa mpangilio wa njia" ni madai mawili yenye uzito tofauti, na watu huyachanganya kila siku.

#5 Njiapanda

Mwanakiwimbi, umechagua shahidi mmoja ukawaacha wengine nje ya mahakama.

Chukua Pfeiffer na Foster, 2013. Uwanja wa mita 2 kwa 2, una vishimo 36 vilivyopangwa 6 kwa 6. Panya anapata tuzo yake kwa zamu: mara kwenye kishimo kimoja cha kudumu, tuite "nyumbani", mara kwenye kishimo chochote kisichojulikana. Nyumbani hubadilishwa kila siku. Tetrodi 40 (vifungu vya nyaya 4 nyembamba vinavyosikiliza seli), na seli hadi 250 kwa wakati mmoja, kwa hiyo wanasoma njia za pande mbili, si mstari tu.

Matokeo: kabla hajaanza kwenda nyumbani, njia zinazochezwa kichwani zinaelekea nyumbani kuliko inavyotarajiwa kwa bahati, na zinafanana na njia atakayopita sasa hivi kuliko aliyotoka kupita. Na inatokea hata akianzia mahali ambapo hajawahi kuanzia safari ya nyumbani siku ile. Daftari la safari zilizopita halina ukurasa huo.

#6 Mwanakiwimbi

Njiapanda, kazi hiyo naiheshimu. Ila nyumbani ndipo mahali panapolipa kwa uhakika kuliko pote. Ubongo ukiwa na tabia ya kurudiarudia mahali penye thamani, marudio yataelekea nyumbani hata kama hakuna mpango wowote, na kwa kuwa panya anaelekea hukohuko, vitu viwili vitalingana. Ndiyo maana jaribio la njia 8 ni muhimu: linatenganisha mahali palipolipa zamani na mahali anapokwenda sasa. Ukivitenganisha, marudio yanafuata la kwanza.

Gupta nakubali ni deni. Sijalilipa.

#7 Sokomoko

Sasa nyote wawili mnazungumzia kufanana. Mnaonaje mkikata kabisa?

Jadhav, Kemere, German na Frank, 2012. Njia yenye umbo la W. Panya lazima atoke katikati, aende mkono wa kushoto, arudi katikati, aende wa kulia, arudi. Kutoka nje kunahitaji akumbuke alikotoka mara ya mwisho. Kurudi katikati hakuhitaji, ni kanuni ileile siku zote. Mashine inasikiliza hipokampasi, kiwimbi (mlipuko mfupi wa mawimbi ya umeme ya kasi, ambamo marudio hutokea) kikitokea panya akiwa macho inarusha umeme mdogo unaokizima palepale. Panya wa kulinganisha nao wanapata umeme uleule, ila umecheleweshwa, kiwimbi kikiwa kimeshapita.

Waliozimiwa viwimbi walishindwa kwenye kutoka. Kurudi hawakuathirika. Na seli zao za mahali zilibaki salama, kwa hiyo huwezi kusema ramani iliharibika.

Usingizini nako: Girardeau na wenzake (2009), kisha Ego-Stengel na Wilson (2010), walizima viwimbi baada ya mafunzo na panya wakajifunza polepole kuliko wenzao.

#8 Tetrodi_Kongwe

Nakazia #7, lakini tuwe waangalifu. Umeme huo unazima kiwimbi chote, hauchagui. Hauulizi kama kilikuwa kinacheza njia ya kushoto, ya kulia, ya mbele au ya nyuma. Kwa hiyo jaribio linathibitisha kwamba viwimbi vya mnyama aliye macho vinahitajika. Halisemi kitu kuhusu kilichomo. Anayetaka kukumbuka "nilitoka kushoto" anahitaji yaliyopita, na anayetaka kuamua "sasa kulia" anahitaji yajayo. Jaribio la W haliwezi kutofautisha hao wawili.

#9 Hesabu_Kali

Mnagombana kwa sababu mmegawa kazi kwa majina. Marcelo Mattar na Nathaniel Daw (2018) walikuja na hesabu moja inayomeza pande zote mbili, na nitaieleza kwa mfano wa vyumba.

Chukua vyumba 10 kwa mstari, chakula kiko cha 10. Panya anapita mara ya kwanza. Ukitumia kanuni ya kawaida ya kujifunza kwa tuzo, hatua moja moja, safari hiyo ya kwanza inaongeza thamani ya chumba cha 9 tu, kwa sababu ndicho pekee kilichopakana na chakula. Safari ya pili inafika cha 8. Unahitaji safari 9 habari ifike chumba cha 1.

Sasa cheza safari ile kichwani kinyumenyume baada ya kula: 9, halafu 8, halafu 7. Kila chumba kinasoma thamani mpya ya jirani yake, na kwa mkupuo mmoja habari imefika chumba cha 1. Ukiicheza kwenda mbele kwa mkupuo huohuo unapata hatua moja tu. Ndiyo sababu kurudi nyuma kunafuata tuzo.

Wao wanasema kila kumbukumbu ina alama mbili: faida (nikiirudia, uamuzi wangu utaboreka kiasi gani?) na uhitaji (nitapita hapo mara ngapi kuanzia nilipo?). Unazidisha. Yenye alama kubwa ndiyo inachezwa. Baada ya tuzo faida inatawala, mpangilio unarudi nyuma. Kabla ya safari uhitaji unatawala, mpangilio unakwenda mbele. Diba na Buzsáki walishaona mgawanyo huo mwaka 2007: mbele kabla ya kukimbia, nyuma baada ya kufika.

#10 Njiapanda

Hesabu_Kali umenena. Ongeza Ambrose, Pfeiffer na Foster (2016): walipoongeza tuzo upande mmoja, marudio ya kinyumenyume yaliongezeka upande huo. Ya kwenda mbele hayakubadilika hivyo. Kama marudio yangekuwa kuhifadhi tu, kwa nini mwelekeo mmoja usikie tuzo na mwingine usisikie?

#11 UsingiziMzito

Hesabu ni tamu, ila ipitisheni kwenye Wu na wenzake, 2017. Panya anapigwa shoti ndogo mwishoni mwa njia. Anarudishwa baadaye, anasogea, anakaribia, anasimama na kugeuka. Alipositasita pale, hipokampasi ilicheza njia ya kuelekea kwenye shoti, yaani njia ambayo HATAIPITA. Uhitaji, kwa maana ya "nitapita hapo mara ngapi", uko karibu na sifuri.

Halafu Carey, Tanaka na van der Meer, 2019: njia ya T, upande mmoja chakula, mwingine maji. Panya mwenye njaa anakwenda kwenye chakula, mwenye kiu kwenye maji. Marudio yanaegemea upande ambao hataki.

#12 Hesabu_Kali

Shoti inaelezeka kiasi: faida ya kujua kwamba njia ile ni mbaya ni kubwa, kwa sababu inabadilisha uamuzi wa kuendelea kuwa uamuzi wa kugeuka. Uhitaji unahesabiwa kwa tabia ya panya kabla ya kubadilika, kwa hiyo hauwi sifuri mara moja.

Carey ni mfupa mgumu. Sina jibu la kuridhisha. Wanaosema marudio hulinda kumbukumbu zisizotumika zisififie wako imara zaidi hapo, na ndipo Gillespie naye alipofikia na "mahali ambapo hajapita karibuni".

#13 Mwanakiwimbi

Asante, hiyo ndiyo hoja niliyoianza #1.

#14 Bint_Pangani

Ndugu, hoja ya #1 ilikuwa "kutunza" bila kuchagua. Sasa umehamia "kutunza yanayoelekea kusahaulika". Si kitu kimoja. Tusogeze goli kwa uwazi.

#15 Tetrodi_Kongwe

Kabla hamjaendelea, tuangalie marudio yanavyopimwa, maana nusu ya ubishi huu unazaliwa maabara na si kwenye ubongo.

Nyaya 4 za nikeli-kromu, kipenyo kama mikroni 12.5, zinasokotwa pamoja na kuyeyushwa kidogo kwa hewa ya moto zishikane. Kwa nini 4? Seli moja inasikika kwa ukubwa tofauti kwenye kila waya, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha seli na jirani yake. Ncha zinakatwa, zinapakwa dhahabu kwa umeme hadi ukinzani ushuke kwenye kilo-ohm 200 hadi 300. Ukipaka kwa pupa dhahabu inaunganisha nyaya mbili, na tetrodi yako imekuwa ya waya 3.

Kushusha ni taratibu, wiki 2 hivi, hadi tabaka la seli la CA1, eneo mojawapo la hipokampasi. Dalili ya kufika: wimbi kali linalobeba viwimbi huwa chanya ukiwa juu ya tabaka na hugeuka hasi ukishavuka chini yake. Likigeuka, umepitiliza. Tetrodi moja inabaki kwenye mada nyeupe, mahali pasipo na seli, iwe ya kulinganishia.

Mawimbi yanachujwa kati ya 150 na 250 Hz. Kizingiti cha kawaida: nguvu ivuke wastani kwa mikengeuko sanifu 3 kwa angalau milisekunde 15, na panya awe chini ya sm 4 kwa sekunde. Hapa panaharibika kwanza: panya akitafuna au kujisafisha, misuli ya taya inatoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kama "kiwimbi" kinaonekana pia kwenye tetrodi ya mada nyeupe kwa ukubwa uleule, huo ni utafunaji.

Kisha king'amuzi, yaani hesabu inayosoma mipigo ya seli na kukisia mahali. Unatengeneza ramani ya kila seli kwa muda ambao panya alikuwa anakimbia TU. Ukiingiza muda aliosimama, mipigo ya viwimbi inaingia kwenye ramani, na baadaye unaitumia ramani hiyo kusoma viwimbi vilevile. Hapo unazunguka duara na utapata marudio mazuri sana yasiyokuwepo. Ukishapata ramani safi, unakata tukio vipande vya milisekunde 20, na kwa kanuni ya Bayes unauliza kila kipande: kwa mipigo hii, panya "yuko" wapi?

Mwisho unapima kama nafasi hizo zinaunda mstari. Tukio la milisekunde 60 lina vipande 3, na nukta 3 ni rahisi mno kuzipitishia mstari. Wengine huweka sharti la vipande 5 na seli 5 zilizowaka. Wengine hawaweki.

#16 Mgahawani

Shukrani Tetrodi_Kongwe, hapa nimeelewa kitu. Mtu akiwa na seli 35 tu kwenye njia ya mita 2, anaweza?

#17 Tetrodi_Kongwe

Anaweza kidogo. Katika kiwimbi kimoja huwaka sehemu ndogo ya seli, kwa hiyo kwa 35 matukio yanayofikia sharti la seli 5 yatakuwa machache. Kwa idadi hiyo afadhali arudi kwenye njia ya 1994: apime uhusiano wa jozi usingizini kabla na baada ya safari, aondoe ule uliokuwepo kabla. Asidai mpangilio.

#18 Hesabu_Kali

Na swali la "kwa bahati ingetokea mara ngapi" ndilo kaburi la wengi. Unahitaji kuvuruga data kama karata ulinganishe. Lakini kuna namna nyingi za kuvuruga. Ukibadilishana majina ya seli, unavunja ramani ila mipigo inabaki na muda wake. Ukizungusha nafasi ndani ya kila kipande cha muda, unavunja mwendelezo wa njia ila ukali wa kila kipande unabaki. Ukitikisa muda wa mipigo, unavunja kitu kingine kabisa. Tukio linaweza kupita mtihani mmoja likaanguka mwingine. Anayetumia mmoja tu amechagua jibu.

#19 Sokomoko

Hapo ndipo panapotokea ule mgogoro wa "matayarisho". Dragoi na Tonegawa (2011) walidai mpangilio wa seli unaonekana kwenye viwimbi KABLA panya hajaiona njia. Maana yake ubongo una minyororo tayari, na safari mpya inachagua mmojawapo. Silva, Feng na Foster (2015) wakapima kwa seli nyingi na vipimo vikali zaidi, wakasema hakuna kinachozidi bahati kabla ya safari. Wakaongeza kwamba ukizuia vipokezi vya NMDA (vinavyosaidia seli kujifunza) wakati wa safari, marudio ya baadaye yanaathirika. Kwa hiyo yanajengwa na uzoefu.

#20 Bint_Pangani

Mgogoro haukuishia hapo. Farooq na Dragoi (2019) walipima watoto wa panya: minyororo iliyobanwa inaanza kuonekana karibu siku ya 17 tangu kuzaliwa, wakati marudio yanayobeba safari waliyotoka kuifanya yanakuja karibu siku ya 24. Kwa watetezi wa Dragoi, hiyo ni minyororo kwanza, uzoefu baadaye. Kila upande una vipimo vyake na haujarudi nyuma.

#21 Mgahawani

Wakuu mnataja panya, panya. Hawa ni panya buku wetu wa SUA Morogoro, wale wa APOPO wanaonusa mabomu?

#22 Tetrodi_Kongwe

Hapana, wengi ni panya wa maabara wa aina ya Long-Evans, wale weusi kichwani na mabegani, weupe tumboni. Panya buku ni jamii nyingine na kazi yake pale ni ya pua. Ila si panya peke yao: Dave na Margoliash (2000) walikuta ndege aina ya pundafinchi akilala, seli zinazoongoza wimbo wake zinarudia mipigo ya wimbo aliouimba mchana. Ndege huyo hajaweka mpango wa kwenda popote. Hilo naliweka upande wa kuhifadhi na kunoa ujuzi.

#23 UsingiziMzito

Turudi kwa binadamu maana uzi umekaa kwa wanyama muda mrefu.

Upande wa kuhifadhi: Henry Molaison alikatwa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili mwaka 1953, akashindwa kuweka kumbukumbu mpya za matukio, lakini mengi ya utotoni alibaki nayo. Hapo ndipo lilipotoka wazo kwamba hipokampasi hushika haraka na kulifundisha gamba la ubongo polepole. McClelland, McNaughton na O'Reilly (1995) walieleza kwa nini polepole: ukilishindilia gamba jambo jipya kwa mkupuo, linafuta ya zamani. Dawa ni kuchanganya jipya na ya zamani kidogokidogo, na marudio ya usingizini ndiyo mchanganyaji. Rasch na wenzake (2007) waliwanusisha watu harufu ya waridi wakijifunza mahali pa kadi, kisha harufu ileile wakiwa katika usingizi mzito. Asubuhi walikumbuka vizuri zaidi. Harufu ikitolewa katika usingizi wa ndoto, haikusaidia.

Upande wa kupanga: Hassabis na wenzake (2007) waliwaomba wagonjwa walioumia hipokampasi wabuni mandhari mapya, mfano wamelala ufukweni. Walitoa vipande vipande visivyoshikana. Aliyepoteza ya jana anashindwa pia kujenga ya kesho.

#24 Njiapanda

Na Liu, Dolan, Kurth-Nelson na Behrens (2019), kwa kofia ya MEG, inayopima sumaku hafifu ya ubongo. Watu wanaoneshwa picha kwa mpangilio uliovurugwa, lakini wameshafundishwa kanuni ya kuupanga upya. Wakipumzika, ubongo unazicheza kwa mpangilio wa KANUNI, si ule waliouona, takriban milisekunde 40 hadi 50 kati ya picha na picha. Baada ya kupewa tuzo, mwelekeo unageuka kinyumenyume, sawa na panya.

#25 Hesabu_Kali

Nzuri, ila MEG inasoma nje ya fuvu na hipokampasi iko ndani sana. Wanachosoma hasa ni alama za picha kwenye gamba. Pia ubongo uliopumzika una mdundo wa Hz 10, ambao peke yake unaweza kutengeneza mfuatano wa uongo kila milisekunde 100. Kipimo chao kina hatua ya kuuondoa mdundo huo. Anayeiga jaribio akairuka hatua hiyo atapata "marudio" kwa kila mtu, hata aliyesinzia.

#26 Sokomoko

Hakuna aliyetaja mashine hadi sasa, ajabu. DQN ya DeepMind (2015), ile iliyocheza michezo ya Atari, ilikuwa na ghala la fremu milioni 1 za karibuni. Kila hatua ya kujifunza ilichota matukio 32 kwa bahati nasibu. Bila ghala, inajifunza kutoka fremu zinazofuatana na zinazofanana mno, na inayumba.

#27 Hesabu_Kali

Ila hilo ghala halipangi, linafundisha tu. Anayepanga ni Dyna ya Sutton, ya miaka ya 1990: inajenga mfano wa dunia na kujifunza kutokana na safari za kubuni. DQN ni daftari, Dyna ni Gupta. Mwanakiwimbi, deni lako liko hapo.

#28 UsingiziMzito

Mimi nadhani kupanga kupo, ila mnatafuta kwenye wimbi lisilo lake. Panya akitembea kuna mdundo wa theta, karibu Hz 8, na ndani ya kila mzunguko wa milisekunde 125 seli zinachora njia fupi kutoka nyuma kidogo hadi mbele kidogo. Johnson na Redish (2007) waliona akisita njia panda, akigeuza kichwa huku na huku, mchoro huo unatangulia kwenye mkono mmoja kisha mwingine. Kay na wenzake (2020) wakaonesha kwamba unaweza kupishana kushoto, kulia, kushoto, kulia, mzunguko kwa mzunguko. Hayo ndiyo mashauri. Viwimbi huja akishasimama.

#29 Mwanakiwimbi

UsingiziMzito, hicho ndicho nilichomaanisha niliposema "kwingine", na umekisema vizuri kuliko mimi.

Kwa haki nirekebishe #1. Bint_Pangani ana haki: "kutunza" yangu ilikuwa pana mno. Sasa nasema hivi: viwimbi vya mchana vinachagua kitakachotunzwa. Yang na wenzake, maabara ya Buzsáki, 2024, walionesha kwamba safari zilizofuatiwa na viwimbi panya akiwa macho, akinywa tuzo yake, ndizo zinazorudiwa usingizini. Ni kama kubandika alama kwenye ukurasa. Na Fernández-Ruiz na wenzake (2019) waliporefusha viwimbi kwa mwanga, kumbukumbu ya panya iliboreka.

Gupta bado sijalipa.

#30 Njiapanda

Fernández-Ruiz ni shahidi wangu pia. Kiwimbi kirefu kinabeba njia ndefu, na njia ndefu ni mpango mrefu. Huwezi kumchukua peke yako.

#31 Tetrodi_Kongwe

Jaribio la kuamua ni kuzima kwa kuchagua: soma kiwimbi papo hapo, kikiwa kinacheza njia ya kushoto zima, kikiwa cha kulia acha. Tatizo ni muda. Kiwimbi kina milisekunde 100 hivi. Ili king'amuzi kijue ni njia gani kinahitaji vipande 2 au 3, yaani 40 hadi 60, halafu mashine ichakate. Ukibofya, nusu ya njia imeshachezwa, na hiyo nusu inaweza kuwa ndiyo iliyotosha. Kupunguza vipande hadi milisekunde chache, bila hata kutenganisha seli moja moja, kunasaidia, ila kwenye njia panda mikono inaanza pamoja. Kipande cha kwanza cha kushoto na cha kulia ni shina lilelile.

#32 Bint_Pangani

Basi wasianzie shina. Chagueni matukio yanayoanzia mwisho wa mkono na kurudi, kinyumenyume. Hapo kipande cha kwanza tu kinatosha kusema ni mkono upi.

#33 Tetrodi_Kongwe

Ndiyo, ila hapo umezima marudio ya nyuma peke yake. Ya mbele, ambayo Njiapanda anayaita mpango, yamepita salama.

#34 Sokomoko

Na kuna Stella na wenzake, 2019. Panya waliozunguka uwanjani bila lengo lolote, wakilala, njia zinazochezwa zinatangatanga kama chembe ya vumbi kwenye maji, hazifanani na mwendo wao halisi. Si daftari, maana hawakupita hivyo. Si mpango, maana hakuna wanakokwenda. Mwanakiwimbi na Njiapanda, mnamweka nani kati yenu?